Kuchonga Mwanga Ndani ya Boga

Boga la Halloween huchongwa mchana lakini hukaguliwa usiku. Fundi hukaa mezani karibu na dirisha, akikata kitu ambacho kwa wakati huo hakionyeshi chochote ila matundu na mikwaruzo juu ya ganda la rangi ya chungwa. Jua likizama na mshumaa ukawashwa ndani, matundu yanakuwa macho, mikwaruzo inakuwa manyoya ya bundi, na pale ambapo kisu hakikugusa panakuwa giza la usiku uliomzunguka ndege huyo. Muda wote wa kazi, fundi alikuwa akiona jambo ambalo mtu mwingine chumbani hakuliona. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi wetu tumeyaona maboga haya kwenye filamu na picha za mwezi wa Oktoba, tukayapita kama mapambo ya watoto. Nataka tuyatazame taratibu, kwa sababu ndani yake mna ufundi unaostahili heshima.

Kabla ya boga palikuwa na turnipu. Huko Ireland na Scotland, Oktoba 31, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, yaani Halloween, ulirithi desturi za Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi. Watu walichukua turnipu, mzizi mgumu wa jamii ya kabichi, wakaukomba ndani, wakautoboa macho na meno, kisha wakatia kipande cha mshumaa. Wairishi walisimulia habari za Jack, bahili aliyemhadaa Shetani, akakataliwa peponi na motoni pia, akabaki kutangatanga gizani na kaa la moto ndani ya turnipu. Katika makumbusho ya maisha ya vijijini yaliyoko Turlough Park, Kaunti ya Mayo, kuna nakala ya plasta ya fanusi moja ya namna hiyo iliyotoka Fintown, Donegal, na kufikishwa makumbusho mwaka 1943. Uso wake umekunjamana, meno yake yamechongoka, na hakuna boga la kisasa linalotisha kama ule mzizi mdogo.

Boga lenyewe ni mwenyeji wa Amerika. Mbegu za aina ya Cucurbita pepo zilizofukuliwa katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, zina umri wa miaka ipatayo 10,000. Vijana wa kaskazini mashariki mwa Marekani walikuwa wakikata nyuso kwenye maboga na kuwasha mshumaa ndani hata kabla desturi hiyo haijafungamana na Halloween. Mshairi John Greenleaf Whittier, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1807, aliukumbuka mchezo huo wa utotoni katika shairi lake kuhusu boga. Njaa kuu ya viazi ya miaka ya 1840 ilipowasukuma Wairishi wengi kuvuka bahari, walikutana na tunda ambalo tayari lina uwazi ndani, lina uso mpana, na ukuta wake hukatika kwa kisu cha jikoni. Kazi iliyokuwa ya kuchimba ikawa ya kuchora. Hapo ndipo fundi alipopata nafasi ya kufikiri kuhusu mwanga.

Mafundi wenye uzoefu huanzia shambani. Boga wanalolipenda zaidi ni la aina ya Howden, lililopewa jina la John Howden, mkulima wa Massachusetts aliyelikuza katika miaka ya 1960 kwa kuchagua mbegu msimu baada ya msimu. Lina ganda imara, rangi iliyokolea na kikonyo kinene. Nyama yake ina maji mengi na haina utamu wa kujivunia, lakini kwa fanusi linafaa sana. Mnunuzi makini huliweka chini aone kama linakaa bila kuyumba. Hutazama kikonyo kama ni kibichi na kigumu, dalili kwamba boga limevunwa karibuni, wala halibebi kwa kukishika, maana kikikatika panabaki jeraha ambalo uozo huingilia. Anayetaka mchoro wenye mistari myembamba hutafuta boga lenye mbavu zisizotokeza sana. Anayetaka sura ya kizee hutafuta lililojipinda, lenye chunjua na upande uliobonyea, kwa sababu nusu ya sura hiyo imekwisha kuchorwa na shamba.

Kulifungua boga ni uamuzi wa kwanza wa kiufundi. Wengi hukata kifuniko juu, kuzunguka kikonyo. Kisu kikisimama wima, kifuniko kitatumbukia ndani siku ya pili boga likianza kusinyaa. Kisu kinapaswa kuinama kuelekea katikati, ili kifuniko kiwe na mteremko na kikae juu ya ukingo wake. Fundi huacha pia pembe moja ndogo kwenye duara, alama ya kumwonyesha kifuniko kinarudi vipi mahali pake. Wengine hawagusi juu kabisa. Hukata tundu chini au mgongoni, kikonyo kikabaki kama kilivyoota na boga likabaki na nguvu zake. Likikatwa chini, boga hufunikwa tu juu ya taa kama kawa.

Kisha huja kukomba, hatua ambayo wenye haraka huiruka. Mbegu hutolewa na kutengwa kwa ajili ya kukaangwa na chumvi. Nyuzi zote zenye utelezi lazima zitoke, kwa kuwa ndizo zinazooza kwanza. Baada ya hapo fundi huendelea kukwangua ukuta wa ndani upande wa mbele kwa kijiko kikubwa cha chuma, au kwa kile kitanzi cha waya kinachotumiwa na wafinyanzi, mpaka ukuta ubaki na unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Hupima kwa kuchoma pini kutoka nje, au kwa kuzima taa za chumbani na kuweka tochi ndani: palipo na wekundu wa giza bado ni panene, na palipo na umanjano pamefika. Kukwangua huku hakuonekani katika kazi iliyomalizika, lakini mchoro wote hukalia hapo.

Mchoro huwekwa kwenye karatasi, karatasi ikabandikwa juu ya boga. Karatasi ni bapa na boga ni mviringo, kwa hiyo kingo za karatasi hukatwa vipande vipande ili ilale bila mikunjo. Fundi hutoboa vitundu vidogo kwa shazia kufuata kila mstari, kimoja karibu na kingine, na karatasi ikiondolewa hupakaza unga wa ngano kidogo, vitundu vikaonekana vyeupe juu ya ganda. Hata hivyo sehemu ngumu zaidi imetangulia, wakati wa kuchora. Kila kipande kitakachobaki lazima kishikwe na kingine. Mboni ya jicho haiwezi kuelea katikati ya tundu, wala kitovu cha herufi O. Ni sharti pawe na daraja linaloviunganisha na ukuta, na ustadi ni kulificha daraja hilo ndani ya mchoro, likawa ukope, unyoya au tawi la mti. Mtazamaji asipoliona hata moja, mchoraji amefaulu.

Katika kukata, kisu kikubwa cha jikoni huwekwa kando. Kinachofaa ni kisumeno chembamba chenye meno madogo. Paul Bardeen wa Racine, Wisconsin, aliyekuwa akiwachongea watoto wake maboga, alitumia miaka mingi kubuni visumeno na michoro ya namna hii, na vifaa vya aina hiyo sasa huuzwa kila mahali nchini Marekani msimu ukifika. Kisumeno husimama wima juu ya ganda na kwenda juu na chini polepole. Hakisukumwi. Kwenye kona hakigeuzwi ndani ya nyama kwa nguvu, huchomolewa na kuingizwa upya upande wa pili, na kona hutoka kali. Fundi huanza na vipande vidogo vya katikati na kumalizia na vikubwa vya pembeni, kwa kuwa kila tundu hulidhoofisha boga, na mkono unaobonyeza unahitaji ukuta wa kuegemea. Kipande kikubwa hakitolewi kizima, hugawanywa vitatu au vinne na kusukumwa nje kwa kidole. Mwisho, kingo za ndani za kila tundu hupunguzwa kwa mshazari. Bila hivyo, mtu anayelitazama boga kutoka pembeni ataona ukuta mnene badala ya mwanga.

Hadi hapa boga lina mambo mawili tu, wazi na giza. Mafundi waliobobea hutafuta kilicho katikati, na hapo ndipo mimi huuona ufundi huu ukifika kimo chake. Ganda la nje halipitishi mwanga kiasi cha kuonekana. Likibanduliwa na nyama ikaachwa, mwanga hupenya. Nyama ya boga imejaa maji na karotenoidi, zile rangi za asili zinazolipa boga na karoti umanjano na uchungwa wake. Mwanga unaposafiri ndani yake hutawanyika, na sehemu yake ya samawati humezwa. Ukuta mnene hutoa wekundu uliofifia, wa wastani hutoa rangi ya chungwa, na mwembamba hutoa manjano yanayokaribia weupe. Kwa maneno mengine, kina cha mkwaruzo ndiyo rangi. Fundi mwenye patasi ndogo za kuchongea mbao anaweza kupata shavu lenye mzunguko, wingu lenye ukungu, maji yenye vilindi, bila kutoboa tundu hata moja.

Wasanii Marc Evan na Chris Soria wa Brooklyn, New York, wamejijengea jina kwa kuchonga kwa namna hii. Ukiiona kazi ya aina hiyo mchana, kabla taa haijawashwa, inatatanisha. Pale palipochimbwa sana, ambapo macho yanatarajia kivuli, ndipo patakapong'aa zaidi usiku. Fundi anafanya kazi kinyume: anachimba ili kuleta mwanga na kuacha ili kuleta giza, hali jua la mchana linamwonyesha yaliyo kinyume. Ndiyo maana huzima taa mara kwa mara, akawasha ya ndani, akatazama, akaongeza mkwaruzo mmoja, akazima tena. Akizidisha, hakuna kurudisha nyuma. Mbao huunganishwa kwa gundi na udongo hujazwa upya, lakini boga lililopita kiasi limepita.

Huko Richterswil, kando ya Ziwa Zürich nchini Uswisi, maarifa hayo hayo yanaishi ndani ya turnipu. Kila Novemba wakazi huandaa zaidi ya tani 20 za turnipu kwa ajili ya sherehe iitwayo Räbechilbi. Hukomba ndani mpaka ukuta uwe mwembamba, kisha hubandua ganda la zambarau kwa kufuata michoro ya nyota, maua na mistari. Nyama ya turnipu ni nyeupe, kwa hiyo mwanga hutoka mweupe na laini, na ganda lililobaki hutoa zambarau iliyoiva. Maandamano yanapopita mitaani, mji mzima umeangazwa na mboga. Nikiyatazama hayo pamoja na maboga ya Brooklyn, naona wazi kwamba mizizi ya jambo hili haimo katika kutisha watu. Imo katika furaha ya kugundua kwamba chakula kinaweza kupitisha mwanga.

Si lazima kila mtu afike huko kwa patasi. Kuna wanaochukua kekee ya umeme na kutoboa mamia ya matundu ya mviringo, makubwa kwa madogo, kwa mpangilio wa nyota au wa lesi. Njia hii inampa hata asiyejua kuchora kazi safi, ilimradi apime nafasi kati ya tundu na tundu. Wengine hutumia vikatio vya biskuti vya chuma na kuvigonga kwa nyundo ya mpira mpaka vipenye. Wengine hupaka boga jeupe rangi nyeusi isiyopitisha mwanga, kisha huchora kwa kuikwangua. Wapo wasiokata kabisa, wakabandika majani makavu ya vuli, maua au vichwa vya misumari ya shaba juu ya ganda, na boga lao hudumu wiki nyingi kwa kuwa halikujeruhiwa. Njia ninayoipenda kuliko zote huanza boga likiwa bado changa kwenye mmea. Mkulima hukwaruza jina la mtoto kwa ncha ya msumari juu ya ganda laini. Mmea huliponya jeraha kwa kovu gumu lenye rangi ya mbao, kovu hukua pamoja na boga, na wakati wa mavuno jina limetokeza kwa herufi kubwa kuliko zilivyoandikwa.

Ray Villafane alichagua njia nyingine. Alikuwa mwalimu wa sanaa Michigan, akaanza kuwachongea wanafunzi wake maboga, na baadaye akawa mchongaji maarufu kuliko wote wa fani hii. Yeye hatafuti boga jepesi. Huliinua na kuchagua lililo zito kuliko ukubwa wake, kwa kuwa uzito ni dalili ya nyama nene, na nyama nene ndiyo pua, mikunjo ya paji la uso na midomo iliyobenuka. Mwaka 2011, katika Bustani ya Mimea ya New York, alipewa boga lenye uzito wa kilo zipatazo 825, wakati huo kubwa kuliko yote duniani, akachonga kundi la wafu waliofufuka wakitambaa kutoka ndani yake. Maboga ya ukubwa huo hutokana na mbegu ya Atlantic Giant, iliyokuzwa na Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada. Sanamu za Villafane huangazwa kutoka nje, kwa taa ya upande inayolaza kivuli kwenye kila mkunjo. Mwanga bado ndiye bwana wa kazi, umebadilisha tu upande wa kuingilia.

Kuhusu taa yenyewe, mshumaa una uhai ambao wachongaji wengi hawataki kuuacha. Ulimi wa moto huyumba, na macho ya boga huonekana kana kwamba yanahama. Lakini moto unahitaji hewa. Fundi huwasha mshumaa, hufunika kifuniko kwa dakika chache, kisha hukigeuza kutazama moshi umepaka masizi wapi, na hapo hutoboa tundu la kutolea joto. Wengine husugua mdalasini kwenye upande wa ndani wa kifuniko au kuchomeka karafuu, na joto likipanda harufu hutoka hadi barazani. Mchoro wa kukwangua, usio na matundu, hautoshelezwi na mshumaa. Huhitaji taa ndogo ya LED yenye nguvu, ambayo haipiki nyama kwa joto. Taa huwekwa nyuma kidogo ya katikati ili isionekane kupitia matundu, na ukuta wa nyuma huweza kuvikwa karatasi ya alumini, mwanga ukarudishwa mbele. Tazama rangi ya taa pia: nyeupe yenye joto hukoleza uchungwa wa nyama, na ya samawati huifanya ionekane mgonjwa.

Mji wa Keene, New Hampshire, ulionyesha mwaka 2013 jambo hili linavyoweza kuwa la watu wote. Siku moja ya Oktoba yaliwashwa maboga 30,581 kwa pamoja, yamepangwa kwenye majukwaa marefu katikati ya mji. Mengi hayakuwa kazi ya wasanii. Yalikuwa ya wanafunzi, ya mabibi na ya maduka ya mtaani, kila moja limekombwa na mikono ya mtu. Huko Croton-on-Hudson, kaskazini mwa jiji la New York, wachongaji wamekuwa wakipamba viwanja vya nyumba ya kale ya Van Cortlandt tangu 2005, siku hizi kwa maboga zaidi ya 7,000. Mahali pote pawili, uzuri unatokana na wingi wa maamuzi madogo yaliyofanywa kwa subira.

Kazi hiyo yote huoza. Boga lililochongwa hudumu siku chache, wiki moja likibahatika na baridi. Fundi hupaka vaselini kwenye kingo zilizokatwa ili maji yasitoroke, na likianza kusinyaa huliloweka usiku kucha kwenye maji baridi, nalo hujaa tena na kunyooka. Analiongezea siku mbili tatu, baada ya hapo huwa mbolea au chakula cha mifugo. Kibuyu ambacho Wakamba hukichora kwa ncha ya chuma ni cha ukoo mmoja na boga, lakini hukaushwa kwanza na huweza kurithiwa. Boga la Oktoba halirithiki. Kinachorithiwa ni mkono uliojifunza, nao haujifunzi ila kwa kurudia mwaka hadi mwaka, kwa boga jingine lenye unene mwingine. Watu waliojua hayo ndio waliotupa Howden, visumeno na michoro ya mwanga, ilhali karibu kila kazi waliyoifanya imeshageuka udongo.

Kwetu pwani boga ni futari, hupikwa kwa nazi na iliki, na majani yake ni mboga. Lakini familia nyingi za Waswahili zilizoko Toronto, Columbus au London hukutana na boga hili jingine shuleni kwa watoto. Likiletwa nyumbani, halihitaji imani ya Wakelti ili kuchongwa, linahitaji macho tu. Ukilikuta limewashwa, litazame kama fundi. Angalia kama kifuniko kimekaa sawa. Tafuta madaraja, uone kama yamefichwa. Simama pembeni uangalie kama mwanga bado unatoka. Kisha tazama kati ya palipo wazi na palipo giza: ukikuta hapo rangi ya tatu, na ya nne, ujue kuna mtu aliyezima taa mara nyingi mchana kutwa ili wewe uione.